Dada anaanzishiwa sindano ya adalimumabu kwa baridi yabisi, usalama wake ukoje?

mtu_wa_kanyigo

Wakuu habari zenu. Naombeni mawazo maana nyumbani tumegawanyika na mimi ndo nimeachiwa niamue.

Mdogo wangu wa kike ana baridi yabisi, ile ya viungo kuvimba pande zote mbili, ilimuanza akiwa chuo. Katumia methotreksati, haidroksiklorokwini na prednisoloni, zikamtuliza kwa muda halafu sasa hivi imerudi kwa nguvu, asubuhi hawezi kukamua nguo wala kufunga vifungo vya shati la mwanae, mpaka saa nne hivi vidole vikilegea ndo anaanza shughuli. Daktari bingwa wa viungo kasema sasa aanze adalimumabu, miligramu 40 kila baada ya wiki mbili, anachoma chini ya ngozi mwenyewe nyumbani.

Tukatafuta maelezo ya hiyo dawa, tukakuta onyo limewekwa juu kabisa ndani ya kiboksi: maambukizi makali, kifua kikuu, saratani. Mama akasema hapana, haingii mwilini mwa mwanangu. Jirani ndo akamalizia kabisa, eti hiyo ni sindano ya kuua kinga, atakuwa kama mwenye UKIMWI. Shemeji yeye anasema aanze hata kesho maana ndo anayemuona anavyolia usiku.

Kuna mambo yananisumbua. Bibi yetu aliugua TB akatibiwa akapona, lakini kipindi anaumwa alikuwa analala chumba kimoja na huyu mdogo wangu. Halafu mdogo wangu ni mfanyabiashara, anavuka Mutukula kwenda Kampala kuchukua vitenge, na anataka mtoto wa pili siku za mbele. Pia kuna ndugu yupo India anasema atatuletea ya huko kwa bei nafuu, jina siyo Humira (ile adalimumabu ya kampuni ya asili), je ni yenyewe au feki?

Mwenye uzoefu naomba aniambie ukweli, mabaya na mazuri.

PwaniMgongo

Pole ndugu yangu, na dada pia mpe pole. Mimi niko Mombasa, natumia hiyo hiyo kwa ugonjwa wa uti wa mgongo ule unaokakamaza, nilikuwa nikiamka natembea nimeinama kama mzee mpaka jua lipande. Kusema kweli imenirudishia maisha, naswali nikisujudu vizuri, nabeba mtoto, nalala usiku mzima. Kwa hivyo usianze na hofu.

Lakini daktari wangu alikataa katakata kunipa sindano ya kwanza kabla ya vipimo, na leo namshukuru. Nilipimwa HIV, homa ya ini B na C, damu, ini, eksirei ya kifua, na kile kipimo cha ngozi cha TB. Hicho wanakudunga kidogo mkononi chini ya kiwiko, unarudi baada ya masaa 48 mpaka 72 wanapima ule uvimbe mgumu kwa rula, siyo wekundu, ni ule ugumu unaoshikika ukipitisha kidole. Kwa mtu anayeenda kutumia hizi dawa milimita 5 tu zinatosha kuhesabiwa ana TB mwilini, wakati kwa wengi wengine huangaliwa 10. Wangu ulivimba. Sikuwa na kikohozi, sikuwa na jasho la usiku, eksirei safi kabisa, na bado nikapewa isoniazidi pamoja na vitamini B6 ili miguu isife ganzi, nikaambiwa nimeze angalau mwezi mmoja kwanza ndipo sindano ianze, na vidonge niendelee navyo mpaka dozi iishe. Mwezi huo ulikuwa mrefu kwa maumivu lakini haurukwi.

Sindano yenyewe: naitoa friji, naiacha mezani kama nusu saa ipoteze baridi maana ikiingia baridi inauma zaidi. Siipashi kwa maji ya moto wala siiweki juani. Najidunga pajani au tumboni, mbali na kitovu vidole vitatu vinne hivi, na kila mara nabadilisha mahali. Pananiwasha na kuwa pekundu siku moja mbili, naweka kitambaa baridi panatulia. Kichwa huniuma kidogo siku ile. Mafua yananipata zaidi kuliko zamani, hilo sifichi.

Kitu kinachonitesa huku ni stima na joto. Dawa inakaa nyuzi 2 mpaka 8, na ikiganda hata kidogo ni ya kutupwa, kwa hivyo usiiweke karibu na ile sehemu ya barafu wala kuigusisha ukuta wa nyuma wa friji. Wanasema inaweza kukaa nje mpaka siku 14 lakini chini ya nyuzi 25 na gizani, sasa niambie chumba gani Mombasa mwezi wa pili kiko chini ya 25. Mimi nina kiboksi cha baridi, vipande vya barafu nimevifunga kwa taulo, dawa iko kwenye pakiti yake haigusani na barafu, na kipimajoto kidogo ndani. Stima ikipotea naihamishia hapo bila kungoja.

nesi_kliniki_TB

mtu_wa_kanyigo umefanya vizuri kuuliza, na hiyo habari ya bibi ndo ya kwanza kumwambia daktari, hata kama hajauliza, mwambieni. Mimi ni muuguzi, nafanya kazi na wagonjwa wa TB, ngoja nieleze kwa nini hii dawa na TB haziivi.

Kwenye mwili kuna protini inaitwa TNF, ndo inayopiga kengele ya uvimbe. Kwa mwenye baridi yabisi inazidi, viungo vinavimba na kuliwa. Adalimumabu inaikamata hiyo TNF isifanye kazi, ndo maana maumivu yanashuka. Sasa TNF hiyo hiyo ina kazi nyingine. Mtu akivuta bakteria wa TB, mara nyingi haumwi, chembe za kinga zinawazunguka wale bakteria na kuwafungia ndani ya kivimbe kidogo, wanakaa humo wamelala miaka na miaka. Kinachoshikilia kile kivimbe kisifunguke ni TNF. Ukiizuia kuta zinalegea, bakteria wanatoka. Shirika la Afya Duniani linasema karibu robo ya watu duniani wana TB ya namna hii iliyolala, na Tanzania, Kenya na Uganda zote ziliwekwa kwenye orodha yao ya 2021 mpaka 2025 ya nchi 30 zenye mzigo mkubwa wa TB. Kwetu hili siyo jambo la kusema labda.

Na hatukujua leo. Mwaka 2001 Marekani walichapisha taarifa ya wagonjwa 70 waliopata TB baada ya kuchomwa infliksimabu, ambayo ni ndugu wa adalimumabu. 48 kati yao waliugua baada ya dozi tatu au chini ya hapo, yaani mapema sana. Na 40 kati yao TB yao ilikuwa nje ya mapafu, kwenye tezi, tumbo, mifupa, uti wa mgongo, au imesambaa mwili mzima. Hapo ndo watu wanapotea, wanasubiri kikohozi ambacho hakiji. Baada ya nchi kuanza kupima kwanza na kutibu TB iliyolala kwanza, idadi ilishuka sana, kwa hiyo kinga ipo na inafanya kazi.

Mambo ya kuwa makini nayo kwa mdogo wako. Anatumia prednisoloni, hiyo inaweza kufanya kipimo cha ngozi kisivimbe hata kama TB ipo, kwa hiyo kikitoka hasi na amelala chumba kimoja na mgonjwa wa TB, daktari bado aangalie historia, asiishie kwenye rula. Na kinyume chake, chanjo ya BCG, ile ya TB wanayochomwa watoto, inaweza kufanya kivimbe bila TB. Kipo kipimo cha damu ambacho BCG haikichanganyi, kama mnaweza kukipata na mfuko unaruhusu ni kizuri.

Akiambiwa anywe dawa ya kuzuia, kuna isoniazidi ya miezi sita, na kuna ile ya isoniazidi na rifapentini mara moja kwa wiki kwa wiki 12. Hapa wadada nisikilizeni. Rifapentini inapunguza nguvu ya vidonge vya uzazi wa mpango, na vipandikizi pia. Huyu yupo kwenye methotreksati, dawa inayoharibu mimba na kumuumiza mtoto tumboni. Mtu anajua yuko salama na vidonge vyake kumbe haviko na nguvu tena. Aseme kliniki anatumia njia gani, aongezewe kondomu au abadilishiwe. Pia isoniazidi na methotreksati zote zinapita kwenye ini, kwa hiyo ini lipimwe kila mara, pombe aache kabisa, na akiona macho ya njano au mkojo wa rangi ya chai ya rangi aache kumeza arudi hospitali siku hiyo hiyo.

Homa ya ini B nayo inalala kama TB, na dawa hizi zinaiamsha. Asipimwe ile ya kawaida ya juu juu tu, aulize na kipimo cha kuonyesha kama aliwahi kuipata zamani.

Kuhusu jirani, HIV inaua chembe za kinga zenyewe na haiondoki. Hii dawa inazuia protini moja, na ukiiacha inatoka mwilini, ila inachukua muda, mpaka kama miezi minne. Siyo kitu kimoja na mgonjwa asinyanyapaliwe kwa maneno hayo.

Tumaini_K

Nachangia kwa uchungu kidogo. Binamu yangu aliwekwa kwenye dawa ya kundi hili hili kwa ugonjwa wa matumbo, hospitali siitaji. Alipigwa eksirei tu, ikaonekana safi, akaanzishiwa. Baada ya muda akaanza homa za jioni na tumbo kujaa. Kila alipokwenda duka la dawa akapimwa malaria, hasi, akapewa dawa ya taifodi, akarudi tena akapewa ya UTI, na sindano yake akawa anaendelea kuchoma kwa sababu hakuna aliyemuuliza unatumia dawa gani nyingine. Ilikuja kujulikana ni TB ya tumbo akiwa amebaki mifupa. Alitibiwa, yupo hai, lakini alipita mahali pabaya sana.

Ndugu zangu hii nchi yetu homa ni malaria mpaka ithibitike vinginevyo. Kwa mtu wa sindano hii hapana. Apimwe malaria ndiyo, lakini hasi isiwe mwisho wa habari.

nesi_kliniki_TB

Tumaini_K pole sana kwa familia, na hilo ulilosema ndo hasa. Mwenye homa asichome dozi inayofuata mpaka aonwe na daktari. Homa, kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la kulowanisha shuka, kupungua uzito bila sababu, tezi shingoni, mgongo kuuma mahali pamoja, kidonda kinachozidi kuwa kikubwa, kukojoa kwa maumivu, yote hayo ni ya kwenda, siyo ya kununulia dawa dukani. Na aandikiwe kikaratasi akae nacho kwenye pochi, jina la dawa na tarehe ya sindano ya mwisho, ili hata akikutwa amezidiwa sehemu nyingine waelewe. Dawa ya kuzuia TB ukishamaliza bado unaweza kuambukizwa upya, tunaishi na watu, tunapanda daladala, kwa hiyo kuuliza dalili kunaendelea miaka yote ya matibabu.

mtu_wa_kanyigo

Nashukuru sana, nimemsomea mama yote haya, amenyamaza kwanza halafu akasema basi akapimwe. Swali lingine, sisi huku maziwa tunakunywa yanayotoka moja kwa moja kwa mfugaji, kuna shida? Na ile ya mtoto wa pili, na Kampala na kadi ya manjano, na ya India?

MamaPachaDom

Dada/kaka swali la mtoto naliweza kwa sababu nimelipitia, nilikuwa kwenye adalimumabu nikapata ujauzito nikajifungua salama. Kwanza methotreksati inaachwa mapema kabla ya kutafuta mimba, hilo halina mjadala, apange na daktari. Adalimumabu yenyewe madaktari wengi huruhusu kwenye ujauzito pale inapohitajika, lakini inavuka kondo la nyuma kwenda kwa mtoto, hasa miezi ya mwisho, mtoto anazaliwa nayo kwenye damu.

Sasa huku kwetu mtoto akizaliwa tu anachomwa BCG begani na kudondoshewa polio mdomoni, na wiki ya sita rota. Zote tatu ni chanjo hai, yaani zina vijidudu hai vilivyodhoofishwa. Mwaka 2010 madaktari wa Uingereza waliandika kuhusu mtoto ambaye mama yake alitumia infliksimabu ujauzito mzima, akachomwa BCG akiwa na miezi mitatu, bakteria wa chanjo wakasambaa mwilini akafariki. Kwa adalimumabu maelekezo ni BCG na chanjo nyingine hai zisubiri miezi mitano tangu sindano ya mwisho ya mama wakati wa ujauzito. Chanjo zisizo hai anapata kama kawaida.

Mimi niliandikiwa barua na daktari nikaiweka juu kabisa kwenye kadi ya kliniki, na bado nilivyojifungua nesi wa zamu alikuja na sindano ya BCG akiwa na haraka zake, mume wangu ndo akamuonyesha barua. Hawafanyi kwa ubaya, ndo utaratibu wa kila mtoto. Kwa hiyo usitegemee kwamba wanajua, mtu wa kukaa na mama leba aambiwe mapema.

mfamasia_mdogo

Nijibu yaliyobaki.

Maziwa mabichi hapana kabisa. Yanaweza kubeba bakteria wa brusela, listeria na hata TB ya ng'ombe, na kwa mtu huyu ugonjwa mdogo unakuwa mkubwa. Yachemshwe yachemke kweli, mtindi wa kununua barabarani usiojulikana umetokana na maziwa gani auache. Nyama iive, mayai yaive.

Kadi ya manjano: Uganda wanaidai kwa wasafiri wanaoingia. Chanjo ya homa ya manjano ni hai, akiwa kwenye adalimumabu hachomwi. Kama alishachanjwa zamani hana tatizo, tangu Julai 2016 kadi hiyo inahesabika ya maisha hata kama imeandikwa miaka kumi, asikubali mtu wa mpakani amchanje upya. Kama hajawahi, alizungumze na daktari sasa kabla ya sindano ya kwanza, kwa sababu hata methotreksati na prednisoloni zinaingia kwenye hesabu hiyo. Ikionekana haiwezekani, ipo barua rasmi ya daktari ya kumsamehe chanjo kwa sababu za kiafya, ila hiyo haimkingi na ugonjwa wenyewe, kwa hiyo dawa ya mbu na nguo ndefu kule. Chanjo za sindano za mafua na nimonia siyo hai, hizo azipate.

Ya India siyo lazima iwe feki. Adalimumabu ya kampuni nyingine ya kwanza duniani ilitoka India mwishoni mwa 2014, inaitwa Exemptia ya Zydus, na sasa ziko nyingi hata Ulaya. Wasiwasi wangu ni safari. Hii ni protini, joto likishaiharibu huwezi kuona kwa macho kila wakati. Ndugu yako akiiweka kwenye begi kubwa la chini ya ndege inaweza kuganda, akiishika kwenye mfuko inaiva. Anunue famasia yenye risiti, abebe mkononi kwenye kiboksi cha baridi na barua ya daktari, aangalie tarehe, na ikifika dawa iwe angavu haina ukungu wala vipande. Muulize mfamasia wenu kama imesajiliwa TMDA, mamlaka ya dawa Tanzania, na daktari ajue jina kamili la ile mnayotumia, msiwe mnabadilisha badilisha kila mwezi kwa kufuata bei bila yeye kujua.

Saratani ni hofu ya kweli ila ipimwe vizuri. Onyo lipo, hasa limfoma, yaani saratani ya tezi, na ile mbaya ya vijana wa kiume wenye ugonjwa wa matumbo wanaotumia na azathioprini, dawa nyingine ya kushusha kinga. Lakini baridi yabisi yenyewe isiyotibiwa inaongeza hatari ya limfoma, kwa hiyo kukaa bila dawa nako si salama kama mama anavyodhani. Mengine ya kumwambia daktari kabla: kama moyo una shida ya kushindwa kusukuma damu, kama yeye au mtu kwenye ukoo ana ugonjwa wa neva unaoitwa MS. Na akiwa ndani ya dawa akaona ganzi, macho kufifia, miguu kuvimba na pumzi fupi, michubuko isiyoeleweka, aende.

Kingine, dada akija kung'oa jino au kufanyiwa operesheni aseme mapema, kwa operesheni mara nyingi dozi moja inarukwa. Na sindano iliyotumika isiende kwenye ndoo ya taka, chukua dumu gumu la plastiki lenye kifuniko, likijaa mpeleke kituo cha afya wakateketeze.

mtu_wa_kanyigo

Kadi yake ya manjano tumeipata, alichanjwa 2014, kwa hiyo hilo limeisha. Kipimo cha ngozi anafanyiwa jumatatu, alhamisi asubuhi kinasomwa. mfamasia_mdogo, jumatatu saa tano mpaka alhamisi saa mbili iko ndani ya hayo masaa?

nesi_kliniki_TB

Jumatatu saa tano mpaka alhamisi saa mbili asubuhi ni masaa 69, iko ndani lakini mmebana, foleni ikiwa ndefu mtapitiliza 72. Muombe jumatano mchana. Na asipakune wala asipake mafuta wala dawa pale mkononi mpaka kisomwe.